Dawa Iliyomo Kwenye Mpapai: Namna ya Kuitoa Bila Kuiua

Saga papai lililoiva pamoja na maziwa, kunywa nusu, nusu iliyobaki iweke kwenye friji hadi jioni. Ukiirudia utaikuta chungu, na wengi huimwaga wakidhani maziwa yameharibika. Maziwa hayana kosa. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kilichobaki kwenye papai kimeshinda kikikatakata protini ya maziwa, na vile vipande vidogo vya protini ndivyo vyenye uchungu. Papai lilelile ukilichemsha kwanza, juisi italala salama, kwa kuwa moto umeshakiua kimeng'enya.

Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini dawa nyingi za mpapai zinazotengenezwa nyumbani hazifanyi kazi. Mbegu huchemshwa, utomvu huanikwa juani saa sita mchana, nyama hutiwa papai lililoiva badala ya bichi. Kilichokusudiwa kufanya kazi kimekufa kabla hakijafika kinachotibiwa. Na upande wa pili, wapo wanaoumia kwa sababu wameuchukulia mpapai kama mboga tu, kumbe utomvu wake unaweza kuchubua ngozi na kuunguza jicho.

Kila sehemu ina yake

Mpapai una mishipa ya utomvu mwili mzima, na mingi iko kwenye ganda la tunda bichi. Utomvu huo mweupe ni silaha ya mti dhidi ya viwavi. Ndani yake mna vimeng'enya vya kuvunja protini: papaini, kimopapaini, karikaini na kingine kiitwacho glisili endopeptidesi. Papaini ndiyo iliyovuma, ingawa kimopapaini huizidi kwa wingi. Tunda linapoiva mishipa hiyo hunywea, utomvu ukapungua hadi kuwa haba. Kwa hiyo anayetafuta papaini anatafuta tunda bichi, gumu, la kijani kibichi, ambalo ukilitoboa kwa ukucha linatoa maziwa papo hapo.

Mbegu zina kitu tofauti kabisa. Zimehifadhi glukosinolati iitwayo glukotropiolini, ambayo peke yake haina ukali wowote. Mbegu ikipondwa na kupata unyevu, kimeng'enya cha mirosinesi kilichokuwa kimetengwa nayo huikuta na kuigeuza kuwa benzili isothiosayaneti. Hicho ndicho kinachowasha ulimi kama haradali, na ndicho kinachowasumbua minyoo.

Majani yana alkaloidi iitwayo karpaini, chungu sana, pamoja na flavonoidi kama kwasetini na kemferoli. Nyama ya papai lililoiva ina vitamini C, kiasi cha miligramu 60 kwa kila gramu 100, na karotini. Papai lenye nyama nyekundu lina likopini pia. Mizizi na maua ya mpapai dume vinatajwa sana vijiweni, lakini hapa tunabaki na sehemu nne ambazo matumizi yake yanaelezeka.

Utomvu: kuugema

Tunda la kugema liwe limefikia ukubwa wake lakini bado ni bichi kabisa, yaani miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu lishike. Tunda changa lina utomvu kidogo, na lililoanza mstari wa njano limeshachelewa. Gema alfajiri hadi saa tatu asubuhi hivi, wakati mti umejaa maji na hewa ina unyevu. Jua likipanda utomvu unakuwa mzito na kuganda kwenye kidonda kabla haujadondoka.

Kabla ya yote, vaa glavu na funika macho. Utomvu wa mpapai hula protini, na ngozi yako ni protini. Tone moja likiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Chukua wembe wa chuma kisichoshika kutu, kipande cha kioo, au mwanzi ulionolewa. Epuka kisu cha chuma cha kawaida. Sababu yake iko kwenye maumbile ya papaini yenyewe: ni mnyororo wa amino asidi (vijenzi vya protini) 212, na kazi yote ya kukata inategemea moja tu, ile ya 25, sisteini yenye salfa. Salfa hiyo ikikutana na chuma chenye kutu, au ikikaa sana hewani, huungana na oksijeni na kimeng'enya huacha kazi. Utaona utomvu unageuka rangi na kuwa wa kahawia. Hiyo kahawia ndiyo dalili ya papaini iliyochoka.

Chora mistari mitatu au minne kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, kina kisizidi milimita 2 au 3, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya mstari na mstari. Ukizamisha wembe zaidi ya hapo unafikia nyama, maji ya tunda yanachanganyika na utomvu, na fangasi wanapata mlango. Kinga kwa sinia la plastiki au kioo, au funga kitambaa safi cha plastiki kuzunguka shina kama mwavuli uliopinduliwa. Utomvu hutiririka dakika chache tu halafu hukoma wenyewe. Ulioganda kwenye ganda ukwangue taratibu, lakini uweke chombo tofauti, maana una uchafu.

Tunda hilohilo laweza kugemwa tena baada ya siku nne hadi saba, kwa kuchora katikati ya makovu ya zamani, mara nne au tano hivi. Papai lililogemwa bado huiva na kulika. Sokoni halipendwi kwa sababu ya makovu, ila utamu wake upo.

Kazi hii si ngeni kwetu. Tanganyika, Uganda na Kongo zilikuwa kwenye biashara ya papaini tangu enzi za ukoloni, na huko Kivu ya Kaskazini, hasa eneo la Beni, wakulima wamepanda mpapai kwa miaka mingi kwa ajili ya utomvu wenyewe, tunda likiwa jambo la pili.

Kukausha na kujaribu kama uko hai

Utomvu mbichi huoza siku hiyohiyo, hivyo ukaushwe mara moja. Upitishe kwanza kwenye chujio la plastiki kuondoa vipande vya ganda, utandaze wembamba kama karatasi juu ya kioo au sinia, uweke mahali pakavu penye upepo, au kwenye kikaushio kisichozidi nyuzi joto 55. Viwandani huongezwa chumvi ya metabisalfaiti kidogo ili kuilinda ile salfa. Jua la moja kwa moja linakausha haraka, ndiyo, lakini linakupa unga wa kahawia wenye nguvu ndogo. Ulio bora hubaki mweupe au wa krimu, hukatika kwa kishindo kidogo ukiuvunja, na hauachi kunata vidoleni. Kilo tano za utomvu mbichi hukupa kama kilo moja ya ukavu.

Usage unga, uutie kwenye chupa ya rangi yenye kifuniko kinachobana, uujaze hadi juu ili hewa isibaki, na uweke kwenye friji. Ukiusaga, funika pua na mdomo. Vumbi la papaini likivutwa mara kwa mara huleta pumu, na waliowahi kufanya kazi nalo viwandani walipata shida hiyo.

Kuujaribu ni rahisi. Pasha maziwa nusu kikombe hadi yawe vuguvugu, ya kuvumilika na kidole. Gawa katika glasi mbili. Moja tia ncha ya kijiko ya unga uliokorogwa kwa maji kidogo, nyingine usitie kitu. Kama papaini iko hai, glasi ya kwanza itaanza kuganda vipandevipande ndani ya dakika chache, ya pili ikibaki vilevile. Zikifanana, ulichonacho ni vumbi.

Jikoni: nyama, pweza na tumbo

Hapa ndipo papaini inapoonekana kwa macho. Kwa kilo moja ya nyama ya mishkaki, twanga papai bichi pamoja na ganda lake lililooshwa, upate vijiko viwili vikubwa. Ganda usilitupe kwa sababu ndilo lenye utomvu. Changanya na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, pakaza nyama yote, acha dakika 45 hadi saa moja kwa nyama ya ng'ombe mzima, nusu saa kwa mbuzi au kuku. Ukiilaza usiku kucha, nje itakuwa kama ini lililopondwa huku katikati pakiwa pagumu, kwa sababu kimeng'enya hula kuanzia juu kwenda ndani. Vipande vya unene wa sentimita mbili na nusu hivi ndivyo vinavyolainika sawasawa. Ndimu au siki nyingi mwanzoni huipunguza papaini kasi, basi ndimu itie mwishoni, nyama ikielekea motoni.

Na kwa wanaotia kipande cha papai bichi kwenye sufuria ya pweza au maharage ya nyama: kitie maji yakiwa baridi, na moto uwe mdogo. Papaini hufanya kazi yake kubwa kati ya nyuzi 50 na 70. Katika njia ile ya kutoka baridi kwenda kwenye mchemko ndipo inapolainisha. Ukikitupia kwenye maji yanayotokota, umeongeza mboga tu.

Je, papaini ikimezwa inasaidia tumbo? Kwa kiasi. Asidi ya tumbo ni kali na huiharibu sehemu kubwa ya kimeng'enya, hivyo usitegemee maajabu ya kipande kimoja baada ya pilau. Nafuu ambayo watu huipata kwa kula papai lililoiva asubuhi hutokana zaidi na maji na nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo. Kwa mtu mzima mwenye choo kigumu, kipande cha gramu 200 hadi 300 asubuhi pamoja na glasi mbili za maji, kila siku kwa wiki, kinatosha kuonyesha kama kinamfaa. Asipoona mabadiliko, au akiona damu kwenye choo, aende zahanati.

Vidonda na majeraha ya moto

Huu ni uwezo wa kweli, na ndio unaotumiwa vibaya kuliko yote. Vimeng'enya vya papai bichi huyeyusha nyama iliyokufa kwenye kidonda, na kuacha ile iliyo hai kwa kiasi kikubwa. Huko Gambia, wauguzi wa watoto wa hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul walikuwa wakiponda papai na kuliweka kila siku kwenye majeraha ya moto ya watoto, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1999. Wauguzi wa Jamaika nao wamelitumia kwa vidonda sugu vya miguu. Brazil imetengeneza jeli ya papaini ya kulainisha sehemu iliyooza ya jino kabla ya kuziba.

Zingatia walikofanyia: hospitalini, kwa vifaa safi, kidonda kikioshwa na kuangaliwa kila siku. Papai lile lile likiwekwa nyumbani kwenye kidonda cha mgonjwa wa kisukari, likafungwa siku tatu bila kufunguliwa, huwa chakula cha bakteria. Na utomvu mtupu, usiochanganywa na nyama ya tunda, haufai kidondani hata siku moja: unachoma na unaweza kutoboa ngozi nzima. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliagiza mwaka 2008 dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuwa na idhini zisitishwe, baada ya wagonjwa kupata mzio mkali, shinikizo la damu kushuka na moyo kwenda mbio.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ondoa pete na bangili kabla hajavimba, funika kwa kitambaa safi, peleka kituo cha afya. Papai halimo kwenye hatua hizo. Kidonda sugu chenye uozo mweusi au wa njano, zungumza na muuguzi wa vidonda; akikubali papai litumike, liwe tunda zima lisilo na ufa, lioshwe kwa sabuni na maji ya kutiririka, limenywe kwa kisu kilichochemshwa, lipondwe wakati uleule, na libadilishwe angalau mara moja kwa siku. Uozo ukiisha na nyama nyekundu ikatokea, acha. Ukiendelea baada ya hapo unaanza kuichokoza nyama mpya.

Mbegu na minyoo

Chukua mbegu za papai lililoiva vizuri, nyeusi, siyo zile nyeupe za tunda changa. Zikamue kwenye chujio chini ya maji hadi ute wa nje upungue, zitandaze kivulini penye upepo kwa siku tatu hadi tano, ukizigeuza. Zimekauka pale mbegu inapopasuka ukiibana kwa meno badala ya kubonyea. Zihifadhi nzima, kwenye chupa kavu. Usizisage zote kwa pamoja, kwa kuwa benzili isothiosayaneti hupaa hewani na unga wa wiki mbili hubaki na uchungu usio na kazi.

Kabla ya kutumia, tafuna mbegu moja. Ikikuwasha puani kama haradali au figili, iko hai. Ikiwa chungu tu bila kuwasha, ilianikwa kwenye jua kali au ilikaangwa, na mirosinesi yake imekufa. Kuchemsha mbegu na kunywa maji yake ndilo kosa tunaloliona zaidi, na ndilo linaloipa dawa hii sifa ya kutofanya kazi.

Mtu mzima husaga kijiko kimoja cha chai cha mbegu, hukoroga kwenye asali yenye tone la maji au kwenye uji uliopoa kiasi cha kutia kidole, huacha dakika tano ili kimeng'enya kifanye mageuzi yake, kisha hunywa. Mara moja asubuhi, kabla ya chakula kizito. Tumbo likiwaka, anywe uji zaidi na asirudie.

Ushahidi wake si hadithi tupu. Nigeria, mwaka 2007, ulichapishwa utafiti wa watoto 60 wenye minyoo na vimelea vya tumbo. Nusu walipewa mililita 20 za asali yenye mbegu kavu za papai, nusu asali peke yake. Baada ya siku saba, 23 kati ya 30 wa kundi la mbegu walikuwa na choo kisafi, dhidi ya 5 kati ya 30 wa asali. Kenya nako, katika kaunti ya Nandi, unga wa mbegu umejaribiwa kwenye uji wa watoto wa shule, na mayai ya minyoo duara yakapungua kinyesini. Ni matokeo mazuri. Lakini hayo yalifanyika chini ya uangalizi, watoto wakipimwa kabla na baada. Mama mwenye mtoto mwenye tumbo kubwa na macho meupe kwa upungufu wa damu ampeleke zahanati, kwa sababu huenda ni safura, na kidonge kimoja cha albendazoli kinapatikana. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, awe na minyoo au asiwe nayo.

Wanaume wanaotafuta mtoto waziache mbegu kwa muda. Kwenye panya na nyani, dondoo la mbegu za papai lilipunguza mbegu za kiume hadi kukosekana, kisha zikarudi baada ya kuacha. Kijiko kimoja cha mara moja hakitamfanya mtu tasa, ila anayetafuna kiganja kila siku "kusafisha ini" yuko kwenye eneo jingine.

Majani, kidingapopo na malaria

Dar es Salaam ilipopata milipuko ya homa ya dengue, yaani kidingapopo, mwaka 2014 na tena 2019, majani ya mpapai yalizungumzwa kila kona. Hoja ilikuwa chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo hushuka kwa mgonjwa wa kidingapopo. Malaysia kulifanyika jaribio kwa wagonjwa 228, likachapishwa mwaka 2013: waliopewa juisi ya gramu 50 za majani mabichi kwa siku, siku tatu mfululizo baada ya kifungua kinywa, chembe sahani zao zilipanda haraka kuliko za wenzao. Kwa hiyo kuna kitu.

Ila sikiliza vizuri. Kinachoua kwenye dengue ni maji ya damu kuvuja nje ya mishipa, mgonjwa akaingia kwenye mshtuko, mara nyingi pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati familia inashangilia kuwa amepona. Namba ya chembe sahani ikipanda haizuii hilo. Kinachomwokoa ni vimiminika kwa kipimo sahihi na macho ya muuguzi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au pua, kulegea, mkojo kupungua: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Homa ishushwe kwa parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisiguswe, kwa kuwa huzidisha kutoka damu.

Anayetaka kutumia majani juu ya matibabu, na daktari wake akijua, achume majani ya kijani yaliyokomaa yasiyo na madoa wala dawa ya wadudu, akate kikonyo na mshipa mkubwa wa kati, aoshe, apime gramu 50 kwa mizani na si kwa macho, atwange au asage na maji safi kidogo, akamue kwa kitambaa safi na anywe ndani ya saa hiyo baada ya kula. Hakuna kuchemsha. Siku tatu tu. Mgonjwa anayetapika asilazimishwe, kwani uchungu wa karpaini utamzidishia, na maji anayoyapoteza ni muhimu kuliko juisi. Watoto wadogo, wajawazito na wenye ugonjwa wa ini wasipewe.

Kuhusu malaria jibu ni fupi. Karpaini huonyesha ukali dhidi ya kimelea kwenye mirija ya maabara, lakini ikipewa panya wenye malaria haikufua dafu. Majani ya mpapai hayatibu malaria. Pima, ukikutwa nayo meza dawa mseto dozi nzima.

Papai lililoiva

Tumelifikia tunda lenyewe mwisho ingawa pengine ndilo lenye faida pana kuliko yote, hasa kwa watoto. Karotini ya papai imo katika umbo ambalo mwili huifyonza kwa urahisi. Kwa kulinganisha, betakarotini ya papai imeonekana kuingia mwilini mara tatu hivi zaidi ya ile ya karoti mbichi. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na ngozi. Karotini huhitaji mafuta ili iingie, basi mtoto aliyeanza kula mponde papai pamoja na parachichi, au mpe baada ya uji wenye karanga. Likatwe karibu na kuliwa, kwani vitamini C hupungua likikaa wazi. Lile la kukatwa tangu asubuhi na kufunikwa nailoni barabarani lina hatari kubwa ya kuhara.

Nani asiguse

Mjamzito aweza kula papai lililoiva kabisa, lenye nyama laini isiyotoa maziwa. Papai bichi, lililoiva nusu, utomvu, mbegu na majani aviache. Kwenye majaribio ya panya, juisi ya papai lililoiva haikuleta mikazo ya mfuko wa uzazi, bali utomvu mbichi uliukaza kwa nguvu inayofanana na ile ya homoni ya oksitosini. Anayeshauri kutoa mimba kwa papai bichi anamweka mwanamke kwenye hatari ya kutoka damu na sumu bila mtu wa kumwokoa.

Mwenye mzio wa mpira, yaani anayewashwa na glavu, kondomu au baluni, yuko kwenye hatari ya kupata mzio wa papai pia. Aanze kwa kipande kidogo cha tunda lililoiva, na utomvu asiusogelee. Midomo ikivimba, koo ikibana au pumzi ikikata, hiyo ni dharura.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asitumie vidonge vya papaini wala juisi ya majani bila kumwambia daktari, kwa sababu damu yaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Michubuko inayotokea bila kugongwa na fizi zinazotoka damu ukipiga mswaki ndizo dalili za kwanza. Vilevile anayesubiri upasuaji aache bidhaa hizo wiki mbili kabla, na amtajie daktari wa usingizi kila alichokuwa akinywa, hata kama aliyempa alisema ni majani tu.